Yule Mtu wa Tatu Mezani

Alikunywa munkoyo wangu wa unga wa mahindi mpaka chini ya kikombe, akapangusa midomo kwa kitambaa, ndipo akaanza kumsifu mjukuu wangu.

Ilikuwa Jumapili mchana, watu wametoka kanisani. Nilikuwa nimekaa upande, bega likimwelekea yeye, uso ukiangalia mlango. Kikombe sikumpa mkononi. Nilikiweka juu ya kigoda nikarudi nyuma, naye akakichukua mwenyewe. Hivyo ndivyo tunavyokaa na mukwe. Mtoto wake wa kiume alikuwa amemchumbia mjukuu wangu Bénie, na tangu siku ile nyumba yake na nyumba yangu ziliheshimiana kwa macho: hatuangaliani usoni, hatushikani mikono, hatutajani majina, mpaka harusi ipite na watu waje na kuku na kikwembe, yaani kitenge, kutufungua mwiko huo. Mchungaji wetu anasema hayo ni mambo ya zamani. Lakini mke wa mchungaji, akikutana na baba mkwe wake sokoni, anageukia ukuta kama sisi wote.

Jina lake ni Athanase. Ninalitaja kwa makusudi.

"Mama, ule mutoto mulimulea," alisema. "Siku ile ku entretien, hakuniangalia hata kidogo. Hata kidogo!"

Akacheka taratibu, kwa raha, kama mtu anayekumbuka chakula kizuri.

Mimi nilikuwa bado naangalia mlango. Kulikuwa na mjusi juu ya bawaba, anapumua. Nikauliza polepole:

"Siku gani ile, baba?"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba alikuwa pale, kwenye ule usaili wa kazi.

*

Bénie ni mtoto wa binti yangu, aliyetuacha Bénie akiwa bado anatambaa. Nilimlea hapa hapa mtaani Kikula, katika nyumba ambayo marehemu mume wangu aliipata alipokuwa kwenye reli. Nilimfundisha kufagia akirudi nyuma ili asikanyage alipofagia. Nilimfundisha kupokea kitu kwa mikono miwili. Nikamfundisha na ukwe, alipochumbiwa, kwa sababu msichana asiyejua kuteremsha macho mbele ya mukwe, watu hawamsemi yeye, wanamsema aliyemlea.

Alisoma kemia. Alipomaliza, kampuni moja ya shaba, upande wa njia ya Kambove, ilitafuta kijana wa maabara: wa kusaga mawe, kuyapima, na kusema ndani yake mna shaba kiasi gani. Wasichana aliosoma nao walikuwa wanaosha mawe mtoni, maji mpaka mapajani, watoto wao wamewafunga mgongoni. Mmoja alikuja kwetu kuomba chumvi. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi, akashika ule mfuko wa chumvi kwa viganja tu, chumvi isimwingie kwenye mipasuko. Bénie alimwangalia akitoka mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akaniambia, "Kambo, ile kazi ya labo, niipate." Kambo ndivyo wajukuu wa huku wanavyotuita sisi bibi zao.

Basi tukaanza kuitafuta.

Kanisani kuna kijana anaitwa Éphraïm. Alikuwa anawakusanya vijana nyuma ya jengo, kwenye mabenchi, akiwafundisha jinsi ya kukaa mbele ya watu wanaoajiri. Yeye mwenyewe hana kazi, mambo hayo aliyatoa kwenye simu, lakini alifundisha kwa moyo mpaka jasho linamtoka. Anasema kabla hujafungua kinywa, mwili umekwisha kuongea. Ingia bila haraka. Mkono utoe mzima, usiutoe kama kitambaa kilicholoa. Mgongo uwe wima, usiegemee kiti kama uko harusini. Mikono iwe juu ya meza, ionekane. Anayekuuliza, mgeuzie kifua chako chote. Na macho! Macho usiyateremshe. Ukiona macho ya mtu ni makali, angalia katikati ya nyusi zake, yeye atadhani unamwangalia machoni.

Nyumbani, patron, yule bosi wa kuajiri, nilikuwa mimi. Nilivaa koti la reli la marehemu, nikaweka miwani yangu ya kusomea Biblia, nikakaa kwenye kiti cha mikono. Bénie anatoka nyuma ya pazia la jikoni, anakuja, ananipa mkono.

"Bonjour, madame la directrice."

"Kaa," ninamwambia. "Unajua nini weye?"

Anajibu kwa Kifaransa, maneno marefu yanapita. Kifaransa changu kiliishia shule ya msingi, hata huko kilikuwa kinachechemea. Nilikuwa sielewi nusu ya anayosema, na ndiyo ilikuwa faida yangu: nilibaki kuangalia mwili tu. Niliona kwamba akifikiri, anakwaruza shingo kwa kucha ya kidole gumba. Niliona kwamba akiogopa, anaficha gumba ndani ya ngumi. Niliona mguu wa kushoto unakimbia chini ya meza peke yake, kama una safari yake. Tukavisahihisha kimoja kimoja, jioni baada ya jioni, sombe ya majani ya muhogo inachemka jikoni.

Mwanzoni nilikuwa nacheka.

"Mutoto, unaniangalia hivi? Mimi nilikufundisha kuteremsha macho."

"Kambo, ile ni ya mukwe. Huyu ni patron."

"Bon. Patron, utamuangalia."

Tukaachana hapo. Patron anaangaliwa, mukwe haangaliwi. Hakuna aliyefikiri kwamba watu hao wawili wanaweza kukaa kwenye kiti kimoja.

Kila tukimaliza, anasimama, anageuka, ananiuliza, "Kambo, mugongo yangu ilikuwa sawa?" Nami ninasema ilikuwa sawa, au ninasema ulianguka kidogo pale mwisho. Tunarudia.

Tulijua kwamba baba ya Jean-Claude, mchumba wake, anafanya kazi kwenye kampuni hiyohiyo. Yeye ni mkuu wa malori. Alikuwa ametuma neno kwa mtoto wake: "Minye niko na malori. Bya kuandika bantu kazi haiko kazi yangu." Tukaridhika. Hatukutaka mtu aje kusema Bénie aliingia kwa mkono wa mukwe. Tulitaka aingie kwa mgongo wake mwenyewe.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimpigia blauzi pasi ya makaa. Umeme wa mabwawa ya Koni na Mwadingusha unapita juu ya mapaa yetu kwenda kwenye mashine za migodi, tunasikia nyaya zinavuma, na chini yake sisi tunapuliza makaa. Nilipuliza nikigeuza uso ili majivu yasiruke kwenye kola. Jean-Claude akaja na pikipiki, tukamfunika Bénie kikwembe cha zamani juu ya sketi kwa ajili ya vumbi. Alikaa nyuma ya pikipiki mgongo wima tayari. Majirani wakacheka: "Ona directrice!" Naye akawapungia mkono.

*

Alirudi kwa miguu, viatu mkononi.

Nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni. Akapita, akakaa chini kwenye sementi nyuma yangu, mgongo wake ukagusa wangu. Niliendelea kuchambua.

"Nilishindwa kuangalia," akasema.

"Kuangalia nani?"

"Balikuwa batatu. Ule mama directrice nilimuangalia. Ingénieur nilimuangalia. Ule wa tatu..."

Nikangoja. Mimi watu wananiita mvumilivu, nikadhani nikingoja atasema. Hakusema, na sasa ninajua kwa nini: jina la mukwe halitajwi, na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Mimi nikafikiri ni woga tu. Nikamwambia bantu bengine biko na macho ya moto, haiko kosa yako. Maneno ya bure.

Éphraïm alikuja jioni, akasikia, akashika kichwa.

"Dada Bénie! Tulisema katikati ya nyusi! Katikati ya nyusi!"

Bénie akamwangalia. Alimwangalia vizuri sana, machoni kabisa, mpaka yule kijana akachukua Biblia yake akaaga.

Kisha kampuni ikapiga simu. Bénie alisimama uani, akasikiliza, akasema "Merci, madame," akakata. Kazi hakuipata. Alichukua koti la reli lililokuwa bado kwenye kiti cha mikono, akalikunja, akalirudisha kwenye sanduku. Tangu siku ile alianza kupitia njia ya mtoni akienda sokoni, na mimi nilijua anaangalia nini kule.

*

Sasa mtu huyu alikuwa amekaa kwangu, tumbo limejaa munkoyo wangu, ananieleza.

Anasema mtu aliyetakiwa kukaa mezani siku ile alikuwa safarini. Directrice akamwita: Athanase, weye muzee wa hapa, kuja ukae na siye. Akakaa mwisho wa meza. Mlango ukafunguka. Bénie akaingia, akampa mkono directrice, mzuri, akampa mkono ingénieur, mzuri. Kisha akamwona yeye.

"Alikunja goti, Mama. Vile." Kwa pembe ya jicho nikaona anakunja vidole viwili juu ya kigoda, kunionyesha. "Mu bureau! Mbele ya climatiseur inapuliza baridi! Akageuza kiti, akanipatia bega. Bila kuambiwa na muntu."

"Ee," nikasema.

"Directrice akanipatia jiwe, anasema, Athanase, mupatie aseme iko nini ndani. Nikanyoosha mukono. Mutoto hakupokea! Aliacha mikono ku magoti mpaka nikaweka jiwe ku meza, njo akakamata, na mikono miwili. Moyo yangu ilifurahi. Nikajiambia, nyumba yangu itakuwa na mutoto wa heshima."

"Na jiwe, alilijua?"

"Aah, jiwe alilijua yote! Hata ingénieur alikamata kichwa. Lakini kabla ya kutoka akapatia bale bengine mukono, minye akanipita, mikono iko nyuma ya mugongo. Directrice alishangaa. Ule mama ni wa Kinshasa, mambo yetu hajue. Mutoto anatoka tu, directrice ananiuliza: Athanase, juu ya nini ule mutoto hakuangalie? Anaficha kintu? Labo inaomba muntu wa macho wazi, kule bantu banauzisha chiffres ya bipimo."

Mjusi alikuwa ameondoka. Jikoni, nyuma ya pazia, Bénie alikuwa anatwanga, na mchi ukanyamaza.

"Na weye ulisema nini?"

"Minye?" Alishangaa kabisa, nilisikia kwenye sauti. "Ningesema nini, Mama? Nilinyamaza. Mu ile bureau tuko naongea Français. Niseme ni mukwe yangu? Nianze mambo ya kuku na kikwembe mbele ya climatiseur? Bangenicheka mpaka pension."

Hasira yangu inachelewa. Ni kama bukari, ugali wetu, kwenye moto mdogo: unakoroga, unakoroga, unadhani haitashika, halafu mwiko unasimama wenyewe. Nilisikia mwiko umesimama. Nilimwona mtoto wangu katika ile ofisi, na blauzi niliyopiga pasi kwa makaa, anavunja mbele ya watu kila kitu tulichojifunza, kimoja kimoja, mgongo, mikono, kifua, macho, anavitoa vyote na kumpa mtu mmoja aliyekaa mwisho wa meza. Na yule mtu anavipokea. Anajua ni nini. Katika chumba kizima yeye peke yake ndiye anayejua ni nini. Anaulizwa, kwa jina, swali lenye jibu fupi. Anafunga kinywa.

Nikageuza kiti. Miguu ya kiti ililia kwenye sementi. Nikainua macho nikamwangalia.

Mwaka mzima nilimjua mtu huyu kwa sauti yake na viatu vyake. Sasa nikaona uso. Kope la kushoto limeanguka kidogo. Chini ya kidevu amejikata kwa wembe, amebandika kipande cha karatasi na kukisahau. Shavu ni laini, la mtu anayelala vizuri. Pembeni ya mdomo kulikuwa na povu la munkoyo. Nikaviangalia vyote bila haraka.

"Mama!" akasema. "Unaniangalia?"

"Niko nakuangalia. Katikati ya nyusi."

Nikasimama, nikatoa mkono. Niliutoa mzima, kama Éphraïm anavyofundisha, mgongo wima ijapokuwa mgongo wangu huu una miaka yake. Mkono ukakaa hewani kati yetu. Yeye aliuangalia mkono, akaangalia mlango, akaangalia kikombe, halafu macho yake yakashuka mpaka kwenye viatu vyake yakabaki pale.

"Baba," nikamwambia, "juu ya nini huniangalie? Na weye uko unaficha kintu?"

Nikarudisha mkono.

"Kesho utaenda ku ule mama. Utamuambia kwa kinywa yako: ule mutoto haikuwa anaficha kintu, alikuwa ananiheshimu. Kwa Français, kwa Kiswahili, kwa lugha unataka. Bakucheke. Mutoto wangu alionekana muongo juu yako, alinyamaza."

"Nitaenda," aliviambia viatu.

Alipotoka, niliingia jikoni. Bénie alikuwa amekaa kwenye kigoda, mchi mapajani, machozi hakuna. Nikachutama mbele yake.

"Kambo, umevunja bukwe."

"Ni yee alivunja."

Alifikiri. Gumba lilikuwa nje ya ngumi, nililiona.

"Hapana," akasema. "Yee hakuvunja. Yee alikula. Nilimupatia chakula yote, akakula, akapangusa kinywa."

*

Hakwenda. Nafasi ile walimpa kijana kutoka Lubumbashi. Jean-Claude alipomuuliza baba yake, alijibiwa kwamba mambo ya bureau yanataka wakati wake. Kijana akapakia nguo zake kwenye pikipiki, akahamia kwa rafiki yake mtaa wa Panda, na mama yake akalia. Watu waliniuliza kama uchumba umekufa. Nilimuuliza Bénie. Akasema Jean-Claude haiko baba yake. Nikakubali, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yule kijana alikuja kukaa kwangu akaniomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, akilia kama mtoto, na mukwe wangu au si mukwe, nilimwangalia usoni.

Bénie sasa yuko kwenye zahanati ndogo, anapima damu za watoto. Hawakumfanyia entretien. Daktari alimkalisha mbele ya hadubini akamwambia, angalia uniambie unaona nini. Mshahara ni mdogo na unachelewa. Mtoni hajaingia.

Harusi ilikuwa kabla ya mvua. Baada yake, ikaja siku ya kufunguliwa. Kwa kina Jean-Claude, ua umefagiwa, viti vya kukodi, mwimbaji wa kanisa lao ana kipaza sauti ingawa tulikuwa watu wachache. Bénie akakalishwa mkekani katikati, na mbele yake kwenye kiti kikubwa akakaa yule bwana, na tai, amenyolewa vizuri safari hii. Wakaweka kuku chini, miguu imefungwa. Wakaweka kikwembe kipya, bado kimekunjwa. Shangazi ya Jean-Claude, Mama Clémentine, akapiga magoti kando ya Bénie akasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Mutoto yetu, leo macho imefunguka. Huyu haiko tena mutu wa kukimbia. Ni baba yako. Inua macho, umuone."

Wanawake walikuwa wameshika pumzi kwa ajili ya vigelegele. Yule bwana alikuwa amekwisha kuandaa uso wake. Mimi nilikuwa upande, nikaona tabasamu limekaa tayari, linangoja.

Bénie hakuinua macho.

Alikaa mgongo wima, mikono miwili juu ya magoti, wazi, ionekane. Macho yalikuwa kwenye kikwembe. Mama Clémentine akarudia, kwa upole, akamgusa bega. Kuku alijitupa mara moja, akatulia. Tabasamu la yule bwana likaendelea kukaa pale muda mrefu kuliko tabasamu linavyoweza kukaa, halafu likaanza kutetemeka pembeni. Akashika tai yake. Akainama kidogo, kutafuta uso wake kwa chini, mtu mzima, mbele ya ndugu zake. Bénie akageuza bega, taratibu, kama siku ile.

"Ee, huyu!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Huyu alilelewa! Hata wakimufungua, anaheshimu!"

Vigelegele vikapaa. Wakapiga makofi, wakacheza, wakarusha unga. Wakanijia mimi, wakanishika mikono, wakinipongeza kwa mtoto wa heshima namna hii, ambaye siku hizi hawapo. Bénie akasimama, akamwendea mama mkwe wake, akampa mkono mzima, akamwangalia machoni, akatabasamu. Akawasalimu wote waliokuwa uani hivyo, mmoja mmoja, mpaka watoto. Kiti kikubwa akakipita.

Ni zaidi ya mwaka sasa. Yule bwana, Bénie bado anamwekea maji juu ya kigoda, anarudi nyuma. Wageni wanasifu.

Jioni ya siku ile ya kufunguliwa tulirudi nyumbani, Bénie na mimi mbele, Jean-Claude anasukuma pikipiki nyuma yetu, vumbi jekundu limekaa kwenye viatu vyetu vya sherehe. Tulipofika kwenye kona ya duka la Ramazani, alinishika mkono.

"Kambo," akasema, "mugongo yangu ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa," nikamwambia. "Hata pale mwisho."